Kijia cha Uzi kwenye Jino la Zaituni

Asubuhi tulipomwosha dada yangu Zaituni, kule Muyinga, tulikuwa wanawake watano chumbani, na nawataja wote ili asije mtu baadaye akasema alikuwepo na hakuwepo. Alikuwepo Bi Asha, mwoshaji, ambaye si ndugu yetu wa damu, ila mume wake na marehemu shemeji yangu walishonea kwenye baraza moja tangu ujana wao. Alikuwepo Hawa, binti wa kwanza wa Zaituni, na Mariamu, mke wa mtoto wake wa kiume. Alikuwepo Mama Shakuru, jirani yangu wa Magarama, Gitega, ambaye alipanda gari pamoja nami, sijui kwa kunisindikiza au kwa kutaka kuona. Wa tano ni mimi, Mama Rajabu, mdogo wake Zaituni, tulionyonya ziwa moja. Maji yalikuwa yamekwisha kumiminwa na sanda imekunjuliwa mkekani. Bi Asha akaomba mkasi. Mariamu akaleta kopo la biskuti ambamo Zaituni aliweka vitu vyake vya kushonea kofia, akachakura chini ya vibunda vya uzi, na badala ya mkasi akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na donge la plastiki ya kuona ndani, dogo kama kipande cha sabuni kinachobaki bafuni, na katikati ya donge kipande cha jino. Hawa akajipiga paji la uso. "Yoo! Ile jino ya mama! Alisema azikwe nayo, na mi nimesahau kabisa." Mama Shakuru akaacha kulia palepale. "Isiwe ile ya ng'ombe," akasema. Bi Asha akaliweka donge kiganjani, akasogea nalo dirishani, kisha akanigeukia mimi. "Kama ni jino lake, linaingia naye sandani. Kama ni ya mnyama, mi siwezi. Mama Rajabu, we ndo ndugu yake. Ni lake?" Wote wakanitazama.

Sikujibu upesi, na ili mjue kwa nini lazima nirudi kwenye mwaka ule Onesime alipokuwa mpangaji wangu. Watu husema mtu hufunzwa akiwa kijana. Mimi mwaka ulionifunza ulinikuta na wajukuu, na magego yangu yamekwisha kwenda zake. Serikali ilikuwa imeshahamia Gitega, na vyumba vilitafutwa hata kwetu Magarama, ambako zamani mpangaji ilikuwa mpaka umwombe aje. Nilikuwa na vyumba viwili vya nyuma, vinavyotazamana na jiko la kuni na jiwe la kufulia. Kimoja nilimpa Zaituni, aliyekuja kukaa nami baada ya kumaliza eda ya mumewe, na vibunda vyake vya uzi na kofia zake za kudarizi. Cha pili kilichukuliwa na huyo Onesime. Wazazi wake ni wakulima wa Mutaho, lakini yeye alizaliwa na kusomea Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha mtu wa redio. Kila asubuhi: "Shikamoo, Bibi. Umeamkaje, Bibi?" Nami namjibu marahaba huku namtazama viatu. Adabu nyingi namna hiyo, nilijiambia, mtu huitumia kama pazia. Uliza nyuma yake kuna nini.

Nyuma yake kulikuwa na taya. Siku moja mwanangu Rajabu, ambaye ana bucha sokoni, alikuja na mfuko unaovuja damu, akapita moja kwa moja hadi chumba cha mpangaji. Nikamsubiri aliporudi. "Umepeleka nini?" "Taya za chini, mama. Za ng'ombe. Anataka meno ya mbele." Mimi mama wa bucha najua ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi tu, kwa hiyo hapo sikuona kosa. "Na za kufanyia nini?" "Anasema masomo." "Masomo ya taya?" "Masomo ya meno, mama. Jinsi meno yanalika." "Yanaliwa na nani?" Rajabu akacheka, akaenda kunawa. Jioni ile Onesime alikuja kuniomba aruhusiwe kuchemsha vitu vyake nyuma ya jiko langu, kwa sufuria yake mwenyewe, kuni zake mwenyewe. Nikamruhusu, kisha kila alipoondoka naiendea ile sufuria na kuinusa. Ng'ombe ananuka ng'ombe, sawa. Lakini mtu anayechemsha taya leo, nani anajua kesho atachemsha ya nani? Mama Shakuru, ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya ukuta wetu muda wote kama cha kuku, ndiye aliyelisema kwa sauti: "Leo ng'ombe, kesho nguruwe, kesho kutwa we mwenyewe." Nikaihamisha mitungi yangu ya maji upande mwingine wa ua.

Zaituni hakuwa hivyo. Zaituni alikuwa mtu wa kuamini hata mvua. Alikaa mlangoni pa chumba chake, miguu imenyooshwa mkekani, anashona, na Onesime akirudi kazini anavuta kibao na kukaa mbele yake. Mimi niko jikoni natwanga majani ya muhogo ya isombe, lakini kinu hakizibi masikio. Dada yangu alishona kama mama yetu alivyotufunza: uzi unauvuta kati ya meno ya mbele ili unyooke, unapenya sindano, ukifika mwisho unaukata kwa jino lilelile. Alifanya hivyo tangu tukiwa wasichana. Na yule kijana alikuwa akimtazama mdomoni. Hakutazama mikono wala kofia. Nimeona wanaume sokoni wakimfumbua mbuzi mdomo wajue umri wake kabla ya kupatana bei, na macho ya Onesime yalikuwa macho hayo. Siku moja akathubutu. "Bibi Zaituni, samahani, naomba unioneshe jino lako la juu, hilo la mbele." Na dada yangu, bila aibu, akafungua mdomo! Yule kijana akaliangalia, akapiga makofi kwa furaha. "Lina kijia, Bibi! Uzi umechimba njia yake."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na mimi nikawa mlinzi asiyelipwa. Alimweleza, nami nikasikia, kwamba jino limevikwa gamba ambalo ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, gumu kuliko mfupa, na kwamba gamba hilo linaandika maisha ya mwenyewe: la aliyekula unga wenye mchanga wa jiwe la kusagia lina mikwaruzo yake, la aliyetafuna muwa lina yake, la aliyevuta uzi lina kijia. Meno ya watu ni shida kuyapata, akasema, ndiyo maana wenye elimu yake hutumia ya ng'ombe, kwa sababu gamba la ng'ombe na la binadamu ni kama ndugu. Lakini je, yanalika sawa? Hilo ndilo alilotaka kujua. Gamba la ng'ombe huota haraka, alisema, kwa hiyo huenda halikukazwa vizuri. "Kama kofia ya kushona kwa haraka ya sikukuu," akasema Zaituni. "Hasa, Bibi! Hivyo hivyo." Akaomba uzi uleule wa kudarizi, dada akampa kibunda kizima. Chumbani kwake alikuwa na kimashine chenye mota ndogo, kinavuta uzi huku na huku juu ya jino la ng'ombe lililofungwa kwenye koleo, tone la maji likidondoka juu yake. Mchana kutwa nilikisikia kupitia ukuta: tsi, tsi, tsi. Zaituni alikwenda kukiona, akatoka akiwa ameshika mbavu. "Mdogo wangu, njoo uone! Anafundisha ng'ombe kushona kofia!" Alicheka mpaka akaomba maji. Sikwenda. Nilimwambia, "We cheka tu. Mtu anayekutazama meno hakutazami roho."

Halafu jino lile likaanza kumsumbua. Mwanzoni lililegea, kisha ufizi ukavimba, ikawa hali chochote ila uji na ndizi za kupondwa. Onesime ndiye aliyesema kuna kliniki, kuna daktari wa meno anamfahamu, mkono wake mwepesi. Tulikwenda asubuhi, mimi nikabaki kwenye benchi la nje na mkoba wake. Alipotoka shavu lilikuwa zito kwa ganzi, mdomo umejaa pamba, na kwa mkono akanionesha: jino? Nikarudi ndani kuliomba. Sisi kwetu kucha hufukiwa, nywele hufukiwa, jino hufukiwa. Mama yetu alifukia hata ya utotoni, hakuruhusu tuyatupe juu ya paa kama watoto wa majirani. Yule mwuguzi akanijibu bila kuinua macho kwamba meno yaliyong'olewa yameshakwenda na takataka, na takataka zinachomwa. Nilipomwambia dada, hakulia. Alikaa kwenye lile benchi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Pamba ilipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Wameichoma moto? Sehemu yangu?" Na usiku na mchana baada ya hapo likawa ni hilo moja. "Mi ni mzee. Hivi karibuni nitaitwa. Nitafufuliwa na pengo?" Nikimwambia Mungu haulizi pengo, ananijibu, "Aliniazima mzima, nimrudishie nusu?" Kofia akaziacha. Sindano ilikaa imechomekwa kwenye kitambaa mahali palepale wiki nzima, na mimi nikaanza kujiuliza ni nani aliyetuonesha ile kliniki.

Jibu nililipata kwa ufagio. Onesime alikuwa ameacha chumba wazi, na mimi huwa nafagia mpaka kwenye vizingiti vya wapangaji. Siku hiyo ufagio ulivuka kizingiti. Mezani palikuwa na sinia yenye madonge ya plastiki, kila moja na kipande cha jino ndani yake, uso wa juu umeachwa wazi. Jino zima la ng'ombe mtoto mdogo atalijua, ni pana kama kijiko. Lakini haya yalikuwa yamekatwa, yamesuguliwa, yamebaki vipande kama punje za mchele, meupe sawasawa, na hapo hata mimi mama wa bucha nilishindwa. Madonge mawili yalikuwa yametengwa pembeni. Vipande vyote viwili vilikuwa na kijia. Kijia kimoja kilichimbwa na uzi wa kimashine, hilo nilijua. Na cha pili? Nikafunga mlango, nikamwita Rajabu dukani, na Mama Shakuru sikumwita, alikuwa ameshafika.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini. Onesime aliporudi alitukuta uani: mimi, Zaituni mkekani, Rajabu bado na kanzu yake, Mama Shakuru. Langoni walikuwa wamesimama vijana wa mtaa, maana neno lilikuwa limekwisha vuka ukuta, na lilipovuka lilibadilika. Huko nje ilisemwa kuna mtu anauza viungo vya watu. Mnajua neno kama hilo linafanya nini. "Leta ile sinia," Rajabu akamwambia. Akaileta. Nikamuuliza mimi: "Jino ya dada yangu iko humu, ama haiko?" "Bibi, daktari aliniambia mwenye jino amekubali litumike kwa masomo. Majina hatupewi. Sikuuliza jina." "Jina hukujua. Na kijia?" Kuku mmoja alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. "Kijia nilikijua," akasema mwishowe, akimtazama Zaituni, si mimi. "Nilikijua siku ileile. Nilitaka nimalize kupima kwanza, halafu nikurudishie. Nisamehe, Bibi." Mama Shakuru akapiga ukelele. "Mnasikia? Amekubali! Mwizi wa mdomo!" Langoni mtu mmoja akapiga bati kwa kiganja. Zaituni akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Alor, basi, nipe jino yangu."

Sasa hapa nasema nilichokiona kwa macho yangu. Onesime aliyageuza madonge yote mawili akatazama chini yake, mahali alipozoea kuandika alama kwa wino. Akanyanyua la kushoto. Akalirudisha. Akanyanyua la kulia, akalifuta kwa shati, akalitazama tena, akampa. Mtu anayejua hanyanyui mara mbili. Nikasema, "Hajui! Tazameni, huyu hajui ipi ni mtu ipi ni ng'ombe!" Rajabu akamshika kola. Vijana wakaingia hatua ndani ya lango. Zaituni akainua mkono. "Mnipe uzi." Nikampa mwenyewe, kutoka kibunda chake. Akaulamba, akauweka juu ya kile kijia, akauvuta taratibu huku na huku, macho ameyafumba, kama zamani tulipokuwa wasichana na mama anatusimamia. Halafu akafumbua macho. "Ndilo," akasema. "Ndilo langu. Rajabu, mwache mtoto wa watu." Rajabu akaachia kola, akaenda langoni, akawaambia waliosimama warudi makwao, ni mambo ya nyumbani. Tukafukia lile donge karibu na jiwe la kufulia, ndani ya kitambaa, kwa Bismillahi, na Onesime akasimama mbali kidogo amevua kofia. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amehama, na kimashine chake, na sufuria yake. Aliniaga shikamoo. Nilimjibu, salamu hainyimwi mtu.

Jioni ya Ijumaa ile dada yangu alikula isombe na ugali wa muhogo kama mtu aliyetoka safari, akacheka na pengo lake wazi. Mimi tonge halikushuka. "Zaituni, uzi ulijua kweli?" Akaendelea kufinyanga tonge lake. "Mdogo wangu, uzi hupita popote palipo na njia. Kula, mboga inapoa." Niliyatafuna maneno hayo kuliko chakula. Alikuwa ananiambia ni lake? Au alikuwa ananiambia si lake, na kwamba alimnunua yule kijana kutoka mikononi mwa wale wa langoni kwa jino la ng'ombe? Nilimuuliza tena kesho yake, na siku nyingine, mpaka akaniambia yeye anarudi kwake Muyinga, watoto wamemkumbuka. Aliondoka na kopo lake la biskuti mapajani. Mwaka ule nilianza kwa kumshuku mpangaji, nikaumaliza namshuku dada yangu mwenyewe, na kati ya hao wawili sijui ni yupi aliyeniumiza zaidi.

Ndiyo hayo yaliyokuwa kichwani mwangu pale Muyinga, Bi Asha amesimama dirishani na donge kiganjani. Nilimgeukia Hawa. "Hii imetoka wapi? Ile tulifukia Gitega, mi mwenyewe nilishika jembe." Hawa akatazama chini. "Yule kijana wa meno aliileta hapa, mama mdogo. Alikuja mvua zilipoisha. Alisema siku ile alama zilikuwa zimefutika, alikisia tu, halafu alirudi kupima kwenye mashine za kazini kwao na akaona amekosea. Mama alimpikia, wakakaa mlangoni mpaka alasiri wanacheka. Alimpa na kofia." "Na mi mbona hamkuniambia?" Hawa akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mama alikataza. Alisema ukiambiwa utasema na hii nayo ni ya ng'ombe." Na ndivyo nilivyokuwa nimekwisha kuwaza, kabla hata hajamaliza kusema. Niliwaza: amekosea mara moja, nani kasema hakukosea mara ya pili? Niliwaza: mwongo anaweza kusafiri mpaka Muyinga, njia ndefu humsaidia. Kisha nikamtazama dada yangu, amelala na uso umetulia, mdomo haukufumbika sawasawa, na kwenye ile nafasi ndogo niliona pengo.

Nikaomba uzi. Mariamu akanipa wa koponi, mweupe. Nikaulamba, nikauweka juu ya kijia, nikauvuta huku na huku na macho nimeyafumba. Ulipita. Nilichokisikia kwenye vidole ni changu. "Ndilo," nikasema. "Ndilo lake." Mama Shakuru akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Bi Asha akaliweka lile donge karibu na shavu la kulia, akakunja sanda juu yake.

Lile jingine bado liko uani kwangu Gitega, karibu na jiwe la kufulia, na kuku hulipita juu. Kila Ijumaa nalisomea Fatiha nalo, kwa tahadhari. Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Walio hai kati ya niliowataja, na wewe Onesime kama maandishi haya yatakufikia huko uliko, kama nimemweka mtu mahali ambapo hakuwepo, au nimempa neno ambalo si lake, au kama ilikuwa donge la kushoto ulilolinyanyua kwanza au la kulia, mnisahihishe, sitakasirika. Ila jino msinisahihishe.